Mafiga ya Mama

Mama alizaliwa kisiwani, mahali ambapo mto wa kwao unagawanyika mikono mingi kabla ya kuingia mto mkubwa, chini kule msituni, upande wa Itebero. Serikali ilipowahamishia watu barabarani, kijiji kile kikabaki matongo, mahame yasiyo na mtu. Mama akaolewa kwetu Ngungu, mlimani, akazaa watoto watatu, na huko huko akafa, miaka miwili baada ya baba.

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikashika jembe, mdogo wangu wa kiume akaendelea kusoma, na wa mwisho, msichana, alikuwa bado analala mgongoni mwangu.

Vakansi moja, likizo ya shule, ya miaka ile ya hamsini, mjomba alituita kwake, barabarani karibu na kisiwa. Kwa ukoo wao, binti akifia ugenini, mtoto wake lazima aingie katika nyumba aliyozaliwa na kupindua figa moja la jiko, ili nyumba ijue kwamba mpishi wake harudi tena. Kabla ya hapo kaka wa marehemu haruhusiwi kukanyaga pale. Mjomba alikuwa amesubiri muda mrefu.

Tulishuka kwa lori la mfanyabiashara wa mawese. Sikuwahi kuona maji mengi namna ile. Kasuku walipita juu yetu kwa makelele kama watu watokao sokoni. Mdogo wangu alikataa kupanda mtumbwi, na mjomba akamcheka.

"Watoto ya mulima! Munaogopa maji kama paka."

"Na wewe, mujomba, uje kwetu upande mulima," akajibu. "Utakaa chini mara ngapi?"

"Nitakaa chini mpaka mama yako mukubwa anipikie viazi!" Mama mkubwa nilikuwa mimi, niliyewalea. Tulicheka sote.

Lakini kisiwani hatukuvuka. Tembo walikuwa wameingia matongoni kula ndizi zilizoota zenyewe. Kila asubuhi tulisimama ng'ambo tukiwasikia wakivunja migomba. Mjomba alituonyesha kwa mbali miti mirefu iliyosimama kwa mistari. Zilikuwa nguzo za nyumba za zamani, alisema. Watu walipoondoka zilichipuka, zikawa miti. Mstari wa pili, mwishoni, akasema, njo kwa mama yenu, ndiyo nyumba aliyozaliwa. Nilitazama miti ile mpaka macho yakauma.

"Tuwafukuze," mdogo wangu alisema.

"Wale njo wenye chakula," mjomba akajibu. "Sisi tuko wageni."

Tembo waliondoka usiku wa kuamkia siku ya safari yetu. Karatasi yetu ya serikali ya ruhusa ya kusafiri ilikuwa inaisha siku hiyo, na lori lilikuwa linapita kabla ya saa sita. Asubuhi ile mdogo wetu wa mwisho aliamka na homa, mwili unawaka, ameng'ang'ania kikwembe nilichojifunga. Mke wa mjomba alipojaribu kumchukua, mtoto alilia hadi akakosa pumzi.

"Mutoto yeyote wa mama anaweza," mjomba akaniambia polepole. "Acha kijana aende."

Nikamwambia mdogo wangu, "Ingia nyumba ya mwisho, tafuta mafiga, pindua moja, sema mama amelala Ngungu."

"Mafiga nayajua, dada."

Kweli aliyajua: ya Ngungu. Mlimani kwetu mawe yamejaa hata shambani. Hata mke wa mjomba, pale barabarani, alipikia mawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa barabara. Kati yetu watoto, mimi peke yangu nilikuwa nimemsikia mama, jioni moja akichochea moto, akicheka kwamba kwao jiwe lilikuwa mali ya wanaume. Mafiga ya wanawake yalikuwa vipande vya udongo wa kichuguu. Sikukumbuka asubuhi ile. Nilikuwa nakanda kichwa cha mtoto kwa maji.

Mjomba, aliyemvusha na kumsubiri mtumbwini, alirudi naye upesi. Mdogo wangu aliruka kutoka mtumbwini, magoti yana udongo, uso unang'aa.

"Nimepindua, dada! Nyumba ya mwisho haikuwa na kitu, majani tu na udongo. Nikatafuta, nikaona mawe matatu makubwa karibu na maji. Nimepindua moja, nimesema yote!"

Mjomba alikuwa anafunga mtumbwi. Akakaza fundo. Alipobeba mzigo wangu kuupeleka barabarani, alinisogelea.

"Yale mawe yalikuwa ya baraza la wanaume, ya kunolea mikuki," alisema. "Usimwambie. Utarudi wewe mwenyewe."

"Nitarudi, mujomba."

Lori likapiga honi.

Mtoto alipona. Vakansi iliyofuata kulikuwa na mahindi ya kuvuna, iliyofuata kulikuwa na ada ya shule, halafu mjomba akafa, hakuwahi kukanyaga tena pale alipozaliwa pamoja na dada yake. Na baada yake hakuna aliyejua njia ya mtumbwi.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu. Kila tukikutana anawasimulia tembo, na miti iliyokuwa nyumba, na jiwe lilivyokuwa zito.

"Mimi njo nilimurudisha mama kwao," anawaambia. Kisha ananigeukia. "Si kweli, dada?"

"Njo kweli," ninajibu. "Ulimurudisha."