Tunguu Laini la Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa na sheria moja ya bustani, aliyofundishwa na mama yake: tunguu halipandwi bila kubonyezwa. Tunguu ni lile shina nono la ua la irisi linalotambaa udongoni, mfano wa tangawizi. Unalibonyeza kwa dole gumba pande zote. Likiwa gumu, lipande. Kidole kikizama, litupe, kisha unawe mikono na kisu kabla ya kugusa jingine.

Jina lake alipewa kazini, kwenye duka la dobi alikopiga pasi mashati ya watu. Hakujua kutulia. Chai aliinywa amesimama, na akiketi mguu ulicheza. Mwaka ule alikuwa na sababu. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akipoteza macho, na daktari hakuficha: nuru iliyobaki ingefika msimu ujao wa maua, pengine isiuvuke. Bibi huyo hakuomba kitu ila kuyaona maua yake ya zambarau, aliyoyabeba kila alikohamia, yakiujaza ukuta mzima kama zamani. Yalibaki mafungu machache tu, kwenye pembe moja.

Mama Pasi akaamua kuujaza ukuta. Saa ya chakula alikwenda na wifi yake kwa muuza miche. Matunguu ya zambarau yalikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotoka jasho.

“Wifi, mbona unayabonyeza kama daktari wa tumbo?”

“Niache nifanye kazi.”

“Haya, liulize linaumwa wapi.”

Kidole kikazama kwenye tunguu moja. Alilinusa, akakunja uso. “Kaka, hili limelainika.”

“Limelala tu, mama. Lilinyeshewa jana. Likionja udongo litaamka.”

“Na lisipoamka?”

“Nirudishie. Mimi nipo hapa hapa.”

“Twende,” alisema wifi, “au leo bosi atakupiga pasi wewe.”

Ya zambarau hayakuwapo mengine. Aliubeba mfuko wote.

Jioni hiyo hakubadilisha hata nguo za kazi. Alikata sehemu iliyooza, akapangusa kisu kwenye sketi, na kwa kisu hicho hicho akayapasua mafungu yote ya zamani ya mama yake ili yafike mwisho wa ukuta. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti ya jembe.

“Mwanangu, umeyabonyeza?”

“Nimeyabonyeza, mama.”

“Yote?”

“Yote.”

Ni kweli aliyabonyeza yote. Kwa ukweli huo alimdanganya mama yake, kwa kuwa bibi hakuwa akiuliza habari za kidole. Mtu akijibu hivyo, anajua anachofanya.

Tangu hapo hakupata raha. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia tena aliporudi kazini, ingawa alijua irisi haipendi maji mengi. Alifukua kidogo kuchungulia, akafukia. Kazini aliunguza kola ya shati la mteja akiwaza ukuta. Majani yalipoanza kuwa ya njano chini, alijiambia ni jua. Siku moja alishika jani, likamfuata mkononi bila kuvutwa, na shina lake lilikuwa uji.

“Kinanuka nini hapo ukutani?” bibi aliuliza kutoka mlangoni.

Mama Pasi akachukua jembe.

Alifukua yote. Matunguu ya ule mfuko yalikuwa yameoza, na ya mama yake pia, kila lililopitiwa na kisu. Alirudi kwa muuza miche. Alikuwapo pale pale kama alivyoahidi, akampa matunguu mengine bila ubishi, magumu, lakini ya maua ya njano.

Yalichanua vizuri. Bibi aliyaona, yakiwa ukungu wa njano, akashukuru kwa adabu. Nuru ilimtoka kabla ya msimu uliofuata. Zambarau yake hakuiona tena, na mbegu yake iliishia kwenye ukuta ule.