Sentensi Yangu ya Deni

Tulikuwa kidato cha pili, Musoma, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa amechoshwa na sentensi zetu za kukariri. Akaandika ubaoni owe, lend na debt, yaani kudaiwa, kukopesha na deni, akataka tutunge mambo ya kweli ya nyumbani. Atakayepatia angepigiwa makofi. Mimi nilipenda makofi kuliko wali.

Niliyekaa naye dawati moja alitoka Makoko. Mama yake alichuuza dagaa, akiwachukua kwa mama yangu kwa mali kauli: unapewa mzigo kwa neno lako tu, unauza, unarudisha hela. Hakuna kuandikishana, na mtu wa tatu haambiwi. Ukishasikika unadaiwa, hakuna atakayekupa tena hata debe moja. Nililijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo asije mtu kunitetea.

Nikasimama. "Her mother owes my mother for six tins of dagaa. It is an old debt." Yaani mama yake anadaiwa na mama yangu madebe sita ya dagaa, na deni ni la zamani. Nikamnyooshea kidole, darasa lisihangaike kumtafuta. Deni lenyewe lilikuwa la wiki mbili tu. Uzee wake niliuongeza mimi, ili sentensi inoge.

Mwalimu akasema haina kosa. Makofi yakalia. Mwenzangu akaambiwa atunge yake, akasimama bila kutoa neno. "Anaogopa Kiingereza nacho kitamdai," nikasema, na darasa zima likaangua kicheko. Nilifurahi, sifichi.

Nusu ya darasa walikuwa watoto wa wenye dagaa. Kufikia Jumamosi mama yule alikuwa amenyimwa mzigo kila alikokwenda. Jumapili, baada ya ibada, alikuja kwetu Nyasho na binti yake.

"Dada, tulikuwaga tunaaminiana," alimwambia mama. "Si ungeniita mwenyewe? Mpaka unatuma mtoto akanitangaze shuleni?"

Mama akashangaa, akanigeukia. "Umesema nini huko?"

Ningesema kweli, mama angezunguka kwa wenzake siku hiyohiyo kumsafisha. Mwenzangu alikuwa ananitazama.

"Sijasema kitu, mama. Labda ni yeye mwenyewe kasema."

Mama yule akampiga bintiye kofi palepale, kisha akafungua fundo la kitenge na kulipa deni lote. Ndio uliokuwa mtaji wake.

Mwezi uliofuata mwenzangu aliachishwa shule, akapelekwa Bunda kufanya kazi za ndani. Hela ile mama alinilipia twisheni ya Kiingereza, na sikukosa hata siku moja.