Maji Kabla ya Arobaini

Mwaka ule nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku, na wala si tusi. Neno lenyewe ni ubatizo.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nasi tukikaa Mji wa Kale, Mombasa, juu ya nyumba ya mama mmoja wa Kiswahili tuliyemwita Bi Mkubwa. Yeye na watu wake chini, sisi vyumba viwili juu, na katikati ngazi ya mbao iliyopiga kelele kwa kila aliyepanda, hata paka. Baba alikuwa mwendesha winchi bandarini Kilindini. Sisi ni Wataita, Wakatoliki tangu babu zetu. Chini walikuwa na sala zao tano, juu tulikuwa na rozari yetu ya jioni, na hakuna aliyemkera mwenzake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yangu kumi na sita, na baada yetu pakawa na pengo refu.

Katika pengo lile alipita mtoto mmoja. Alizaliwa kabla ya siku zake, na asubuhi yake sista mmoja hospitalini akachovya pamba katika maji, akambatiza haraka haraka. Alasiri mtoto akafariki. Mama hakumlaumu Mungu, aliilaumu ile pamba. Nilimsikia mara moja akimweleza Bi Mkubwa: "Walipomaliza kumbatiza, waliacha kumtazama. Kama kwamba kazi imekwisha."

Kwa hiyo huyu wa sasa alipokuja, naye kwa pupa zake, mimba haijaingia mwezi wa nane, mdogo kama mkate wa boflo, mama alimwambia baba pale pale wodini kuwa hakuna atakayemgusa kwa maji ya dini mpaka atimize siku arobaini. Akitimiza, tutampeleka kanisani kwa miguu yetu, kama watu wenye furaha. Kabla ya hapo lile neno lisisikike.

Baba alikubali kwa mdomo. Huyu ni mtu ambaye hakupanda winchi bila kupiga ishara ya msalaba. Jioni moja akivua viatu vya kazi nilimsikia akimnong'oneza kaka yangu, "Mtoto akiondoka hivi hivi bila maji, mimi kule nitajibu nini?" Kaka akamwambia ajibu kwamba mama alikataa. Baba akamtupia soksi, lakini hakucheka.

Basi mimi nikawa katikati ya hao wawili, na hakuna aliyejua kwamba niko katikati.

Wakati huo nilikuwa najiandaa kupokea kipaimara. Katekista wetu, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa ametufundisha kwamba hatari ikitokea mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi awe na maji, maneno na nia. Tulijizoeza kwa mwanasesere wa plastiki aliyekosa mkono mmoja. Darasa zima tulimbatiza, nadhani hakuna mwanasesere Mombasa aliyetakasika kama yule. Mimi somo hilo lilinipanda kichwani. Nikitoka darasani, kwa mawazo yangu, nilikuwa nimeshakuwa sista mwenye pikipiki, napita barabara ya Mama Ngina kitambaa kikipepea, wauza mihogo wananipisha, nawahi wagonjwa. Lakini katekista alituonya pia kwamba ubatizo haurudiwi. "Anayembatiza mtu mara ya pili," alisema, "ni kama anamwambia Mungu kuwa mara ya kwanza hakusikia." Hilo nalo nililishika.

Kila alasiri nikisharudi kutoka shule, Bi Mkubwa alimwita mama chini kumkanda. Alichemsha maji na majani yake, akamkanda mgongo na tumbo kwa taulo la moto, kama walivyokandwa wazazi wote wa nyumba ile. Nusu saa hiyo mtoto alikuwa wangu. Mama alinijua vizuri, ndiyo maana kila siku aliniachia agizo lile lile: "Mtazame yeye, usilitazame dirisha."

Siku ya ishirini na mbili nilikuwa nikimtazama kweli. Najua ilikuwa ya ishirini na mbili kwa sababu kaka alipiga mistari ya chaki nyuma ya mlango. Mtoto amelala mapajani mwangu, amenishika kidole, nami nahesabu pumzi zake, maana alikuwa na tabia ya kusita kidogo kisha kuendelea. Nikahesabu moja, nikahesabu ya pili, nikangojea ya tatu. Haikuja. Nikamtikisa. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya zambarau, na vile vidole vilivyonishika vikalegea.

Ngazi ilikuwa hatua chache tu kutoka nilipoketi. Chini nilimsikia Bi Mkubwa akicheka, na mama akicheka naye. Ningeita, sauti ingefika. Upande wa pili, hatua chache vile vile, palikuwa na mtungi wa maji na kata juu yake.

Sikuita. Nilichota maji.

Nikamwaga mara tatu juu ya paji la uso, na maneno nikayatamka yote, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, bila kukosea hata moja. Maji ya mtungi ni baridi. Mara ya tatu mtoto akashtuka, akatupa mikono, akavuta pumzi ya nguvu, akalia. Mama alipanda mbio akamkuta mwekundu, analia kwa hasira, kichwa kimelowa.

Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia alikata pumzi, nikampiga maji azinduke. Ndivyo nilivyosema, na uwongo ndani yake hamna. Mama alikaa sakafuni pale pale na mtoto kifuani, akanivuta nami, akanibusu kichwani. "Mwanangu una akili," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Na mimi nilikuwa nacheka. Uliniita, nami nilikuwa nacheka."

Hapo ndipo pa kusema. Nilinyamaza.

Kesho yake walimpeleka kwa daktari, wakaambiwa watoto waliowahi kuzaliwa hufanya hivyo, akisita apigwe nyayo, na kadiri atakavyoongezeka uzito itaisha. Ikaisha kweli. Lakini mama hakushuka tena kukandwa. Bi Mkubwa alimwita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akajibu kwa adabu kuwa amepoa, hana haja. Hakuwa amepoa. Nilimwona akiinuka kitandani kwa kushika ukuta. Bi Mkubwa alidhani amemkosea kitu, akawa anapita chini ya ngazi bila kuita, na beseni lake akaliegemeza ukutani. Na mimi kila mgeni aliyekuja nilisifiwa mbele yake: huyu ndiye aliyemwokoa mdogo wake. Nilikula sifa zile kama mtu anayekula samaki mwenye miba.

Mstari wa arobaini ulipopigwa, mama alilitaja lile neno mwenyewe, mezani, na baba akaacha kula kwa furaha. Ubatizo ungekuwa Jumapili. Mama alipeleka gauni lake la harusi kwa fundi mmoja mtaa wa Bondeni, kitambaa kikapunguzwa chini, akashonewa mtoto kanzu nyeupe.

Nilimwambia kaka. Alinitazama sana. "Kwani uaskofu ulipewa lini?" Kisha, alipoona machozi, akaketi. Akanishauri ninyamaze. Maji ni maji, mtoto atalowa mara mbili kama mtu aliyenyeshewa akienda na akirudi. Nikamwuliza, na mama je, ambaye mpaka leo anaamini nilimwita? Kaka akaenda zake kucheza mpira.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padri alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nilivyofanya, akasema kubatiza si dhambi, ila kuna mtu anayejilaumu kwa kosa lisilo lake. Hilo nalijua, nikasema. Nikamwomba basi kesho asimwage maji. Akasogea karibu na wavu.

"Nilichokisikia humu siwezi kutoka nacho," akasema. "Kesho nikimwona mtoto yule nitakuwa sijui lolote. Nitambatiza kama wenzake."

"Padri, huwezi kusema umeota?"

"Siwezi. Ukitaka nijue, niambie nje ya hapa. Lakini anza na mama yako."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kusema. Nikamkuta mama anapiga pasi kanzu ile, anaimba. Sikuweza.

Jumapili watoto wa kubatizwa walikuwa saba, na wa kwetu wa nne. Mama aliketi benchi la mbele na mtoto, baba kando yake ameshika mshumaa, mimi na kaka nyuma yao. Padri alipita akiwapiga watoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Alipofika kwetu hakunitazama hata kidogo, akapita kama mtu asiyenijua, nami nikaelewa kuwa atafanya alivyoahidi. Akaitwa mtoto wa kwanza. Maji yakamwagwa, kilio. Wa pili. Wa tatu alipoinuliwa niliinama mpaka mdomo ukagusa kitambaa cha kichwa cha mama.

"Mama, usimpeleke. Nilishambatiza."

Hakugeuka. "Lini?"

"Siku ile."

Niliona shingo yake ikikakamaa. Nilidhani ataniuliza kwa nini, au nani alinituma. Akauliza kitu kingine.

"Uliniita kwanza, au ulimwaga maji kwanza?"

Kaka alinikanyaga mguu chini ya benchi. Nilijua maana yake.

"Maji kwanza," nikasema. "Sikukuita kabisa, mama. Hukunisikia kwa sababu sikuita."

Wa kwetu akaitwa. Msimamizi wa mtoto, shangazi yangu, akamgusa mama begani kuwa zamu imefika. Mama hakuinuka. Akaguswa tena. Akainuka polepole, akaenda mpaka kwenye kisima cha ubatizo, baba akimfuata na uso wa sikukuu, na kutoka nyuma nilishindwa kujua atafanya nini. Padri alikuwa ameshachota maji.

"Padri, huyu ana ubatizo wake," mama akasema. "Alikata pumzi nyumbani, dada yake akambatiza."

Baba akageuka kunitazama. Padri akarudisha maji, na sijapata kumwona mtu akishusha mabega namna ile. Akaniita mbele ya watu wote, akaniuliza nilitumia maji gani.

"Ya mtungini, padri. Yametoka kisima cha Bi Mkubwa." Nikaona niseme yote, nisibakize kitu. "Bi Mkubwa ni Mwislamu."

"Sikuuliza kisima ni cha nani."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Padri akaniuliza maneno, nikayasema. Akaniuliza nilinuia nini, na jibu la katekista, nililolijua usingizini, likanitoka kichwani.

"Nilitaka awe wa Mungu," nikasema, "lakini asiende."

Padri akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapakwa mafuta ya krisma, akavikwa kanzu yake nyeupe, baba akawashiwa mshumaa. Hapakuwa na maji.

Baada ya misa tuliingia ofisini kuandikisha. Karani alifika kwenye safu ya aliyebatiza, akasita. Akasema hapo huandikwa padri, na mtoto wa darasa la sita itaonekana ajabu, labda amweke katekista. Mama akaweka kidole juu ya ile safu.

"Andika jina lake. Yeye ndiye aliyekuwapo."

Hakulisema kwa upole. Njia nzima ya kurudi alimbeba mtoto mwenyewe, na shangazi alipotaka nipokee mkoba wa nepi, mama akasema atabeba. Bi Mkubwa alikuwa ametupikia pilau. Mama akamsimulia yote mbele yangu, bila kunisitiri. Bi Mkubwa alisikiliza, akakunja uso, akasema, "Kwa hivyo si mimi niliyekuziba masikio." Mama akamwomba radhi. Bi Mkubwa akasema radhi haikandi mgongo, kesho alasiri ateremke, hata kama arobaini imekwisha.

Kesho yake nilirudi kutoka shule, nikavua viatu, nikakaa pembeni. Chini beseni lilisikika likiburutwa. Mama alisimama katikati ya chumba na mtoto. Alimtazama kaka, aliyekuwa akitafuta shati. Akanitazama mimi. Akaja, akamlaza mapajani mwangu, akamrekebisha shingo, akatoka bila agizo lolote.

Ngazi ikalia kwenda chini. Haikuchukua muda ikalia kuja juu. Nikaona kitambaa chake cha kichwa kwenye ukingo wa sakafu, kikasimama, kikashuka. Baada ya kitambo ngazi ikalia tena kuja juu, ikatulia, ikalia kushuka. Sikuinua macho. Nilikuwa namtazama mtoto, tumbo linapanda, linashuka, linapanda.

"Mama!" nikaita.

Miguu ikakimbia chini kule.

"Yuko sawa! Anapumua!"

Miguu ikasimama. Kisha sauti ya mama, ikiwa bado chini: "Nimekusikia."

Bi Mkubwa akauliza huyo mtoto anapigia nini kelele, yeye ana kazi ya mikono hapa. Nikangoja mtoto avute pumzi tatu nyingine, nikaita tena.