Mkono wa Orville Tackett

Wauaji wote wa studio yetu walikuwa na mkono mmoja. Muuaji awe daktari wa familia, awe wakili, awe mjomba aliyerudi ghafla kutoka nchi ya Malaya kudai urithi, ilipofika saa ya bastola kuchomoza kwenye pazia, mkono ule wenye glavu nyeusi ulikuwa wa Orville Tackett. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, mwandishi wetu hakuwa na desturi ya kuamua muuaji ni nani kabla ya asubuhi ya siku ya mwisho, na mkono ulitakiwa mapema. Pili, risasi zilikuwa za kweli.

Studio kubwa za Hollywood zilikuwa na mafundi wa kutega baruti ndani ya ukuta, ubao ukachanika bila mtu kupata hata mchubuko. Sisi wa Mtaa wa Ufukara, ndivyo tulivyoitwa nasi tukalizoea jina, tulikuwa na Orville. Katika kila hadithi yetu kulikuwa na msichana anayesoma barua karibu na ukuta, na risasi inayomkosa kidogo tu. Orville ndiye aliyekuwa akimkosa.

Alikuwa mtu wa Kansas, mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kula maharage yake ya pilipili amesimama. Ujana wake aliumaliza kwenye maonyesho ya kuhamahama, akizima sigara kwa bunduki midomoni mwa mkewe, Hettie. Sinema ilipoyaua maonyesho yale, Orville alimfuata muuaji mpaka nyumbani kwake akamwomba kazi.

Kuna jambo ambalo sisi hatukulijua, nami nakwambia mapema, msomaji, ili uogope kwa niaba yetu. Orville alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, polepole, kama ukungu unavyoingia bondeni. Hettie alijua. Kwenye mandari moja ya kanisa alikataa kusimama na sigara, akasema mgongo unamuuma. Watu wakacheka, wakarudia kuku wao wa kukaanga. Hettie hakusimama tena mbele ya mumewe, ila hakumwambia mtu kwa nini. Mume ni mume, na kazi mwaka ule zilikuwa adimu kuliko mvua.

Kilichomficha Orville ni ubahili wetu. Kila filamu tuliipigia katika maktaba ile ile ya mbao, mabaki ya filamu ya kifahari ya studio nyingine, tuliyokodishiwa hadi wenyewe wajisikie kuibomoa. Pazia halikuhama, ukuta haukuhama, na msalaba wa chaki alipotakiwa kusimama msichana haukuhama. Kila asubuhi Orville alitembea kutoka pazia hadi ukutani akipapasa mbao, kama mpangaji anayekagua nyumba. Sisi tulidhani ni umakini. Kisha alirudi nyuma ya pazia, akapiga kwa kumbukumbu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kwa filamu ile na kwa maktaba pia. Wabomoaji walikuwa waje jioni. Msichana alikuwa Coralie Dunn, binti wa Ohio mwenye mdomo mkali, aliyekwisha kukoswa na mkono ule katika filamu kadhaa. Siku hiyo alikuwa na mafua.

Hapo ndipo pa kueleza habari ya chombo cha maua. Kinasa sauti chetu kilifichwa ndani ya maua ya karatasi, juu ya meza, na kila mwenye neno alilisema akiwa ameyainamia mawaridi. Ukitazama filamu zetu leo utadhani familia zote za matajiri zilikuwa na mapenzi makubwa na bustani. Milango ilifungwa, feni zikazimwa zisisikike, na katika joto lile Coralie alifanya jaribio la kwanza kwa sauti ya chura.

"Sisikii kitu," alisema Huber, fundi wa sauti, kutoka kwenye kibanda chake.

"Una bahati," alisema Coralie. "Mimi nimeyasoma hayo maneno."

Mort Zelnick, mwongozaji, alitazama saa yake. "Mwanangu, sogea kwenye maua. Hatua moja. Hapo hapo. Huber?"

"Sasa nasikia hata makamasi."

"Tunapiga!"

Hakuna aliyemwambia Orville. Si kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kumwambia Orville chochote, kwa maana mkono hauna mazungumzo ya kufanyiwa jaribio. Alikuwa nyuma ya pazia zito tangu asubuhi, amevaa glavu, bastola imejaa. Na hatua ile moja ilimtoa Coralie kwenye msalaba ikampeleka pale ambapo, filamu baada ya filamu, risasi ilikuwa ikitua.

Kamera ikaanza kuvuma ndani ya sanduku lake. Coralie akafungua barua. Pazia likatikisika, mkono ukatoka.

"Ewe mjomba," Coralie akayaambia maua, "kumbe ndiwe uliyeandika haya!"

Mkono haukupiga.

Ulikaa hewani. Kisha ukafanya kitu ambacho hatukuwa tumekiona: mdomo wa bastola ukaanza kwenda kushoto, ukasita, ukarudi kulia, taratibu, kama pua ya mbwa anayetafuta harufu. Ulimpita Coralie kifuani. Ukampita tena. Mort alikuwa akipunga mikono kwa hasira bila sauti, kwa kuwa mkanda ulikuwa unakwenda. Mkono ukarudi ndani ya pazia.

"Kata! Mzee Orville, umelala humo?"

Orville alitoka akipapasa ukingo wa pazia. "Sauti yake haiko mahali pake," alisema. "Nani kamsogeza?"

"Nimemsogeza mimi. Huna macho?"

"Sina," alisema Orville.

Huber alicheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake.

"Huna tangu lini?" aliuliza Mort.

"Kabisa kabisa, tangu ile filamu ya mapacha na mnara wa taa."

Watu wakaanza kuhesabu. Baada ya filamu ya mapacha kulikuwa na ya mganga wa Budapest, ya treni, ya mjane mwenye kasuku. Karibu kila mtu mle ndani alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule kwa sababu moja au nyingine. Mpiga picha alivua kofia akajipapasa kichwa, polepole, pande zote.

Mort ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Basi, shemeji yangu Lester yuko nje. Lester huwinda bata."

"Nimewahi kula bata wa Lester," alisema Coralie. "Alimnunua. Heri huyu kipofu."

"Umesema mwenyewe!" Mort alidaka neno lile kama mtu aliyeokota pochi. "Rudi kwenye msalaba wako, mwanangu, upige kelele, Huber atajua la kufanya. Mzee Orville, msichana yuko palepale pa siku zote. Mpaka leo umempiga nani?"

"Sijampiga mtu kwa sababu watu hawakusogea."

"Basi hatasogea! Jioni hatuna ukuta. Bila ukuta hatuna filamu."

Nalazimika kusema kwamba tulinung'unika kwa kukubali. Watu wenye akili zao, waliokuwa wamekunywa kahawa tu, wakimsihi kipofu afyatue risasi kumwelekea binti wa watu. Orville aligeuza uso wake huku na huku, kila upande ukimtaka. Hakuiachia bastola, wala hakusema ndiyo.

Coralie alikwenda ukutani, akachomoa pini nywelani, akaanza kuchokonoa. Seremala alikuwa akiziba kila tundu kwa puti na kulipaka rangi ya ubao, akifanya kazi yake vizuri mno. Puti ya kwanza ilidondoka mbali na msalaba, umbali wa heshima. Ya pili, mpya kuliko ile, ilikuwa karibu zaidi. Aliendelea kuchokonoa, na matundu yakaendelea kuukaribia msalaba, moja baada ya jingine, bila haraka.

Orville alisikiliza pini. "La mwisho liko wapi, bibie?"

Coralie alisimama juu ya msalaba, mgongo ukutani. Akamwita karibu, akachukua bastola na kuiweka mezani kwenye maua, na Huber kibandani mwake akaruka kwa kishindo kilichomwingia masikioni. Akamvua glavu. Akakiingiza kidole cha mzee ndani ya tundu lile la mwisho, kisha akakivuta, kikiburuzika juu ya ubao, mpaka kilipogusa sikio lake.

Safari haikuwa ndefu. Orville alikiacha kidole chake pale, na Mort akaenda mwenyewe kufungua milango; siku hiyo hatukupiga tena.