Siku Rubani Alipokataa Kuruka

Asubuhi ile kaka yangu Nassor alikuwa anabishana na mama kwa simu. Mama yuko Temeke, sie tuko nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, kwenye duka letu la vitambaa, na ubishi wenyewe ulihusu rangi ya kanzu ya harusi ya Nassor. Wateja walicheka. Mchana mizinga ikaanza kulia upande wa kaskazini.

Siku ya tatu tulipata nafasi kwenye ndege ya mizigo. Tulikaa sakafuni, watu kama thelathini. Rubani, Kapteni Elias, alikuwa Mtanzania mwenzetu, mkazi wa Kawe.

"Nyie wa Temeke," alituambia, "jioni mtakula kwenu."

Ndege ikashika kasi.

Injini ya kushoto ikapiga mshindo.

Ikapiga tena. Breki zikalia, tukarushwa mbele. Tulisimama karibu kabisa na mwisho wa uwanja.

Watu walimpigia kelele aendelee. Mwanamke mmoja alimvuta shati. Risasi zilishafika sokoni, tulizisikia.

"Haina nguvu," Kapteni alisema. "Nikiipaisha, tunaanguka ziwani. Siruki."

Nassor akasimama. "Pale nje kuna lori linalokwenda mpakani. Twende."

"Kaka, tusubiri. Fundi anaiangalia."

"Mie sisubiri kufa humu."

Nilimshika mkono. Akautoa taratibu, bila hasira. "Basi tutakutana kwa mama."

Fundi alimaliza jua halijazama, tukaruka salama. Lile lori lilisimamishwa njiani na wenye bunduki. Wanaume wote waliuawa. Mwili wa Nassor hatukuupata.

Kapteni Elias alikuja msibani Temeke. Alikaa mkekani, sahani mbele yake, asiweze kula.

"Mama," alisema, "ningejua atashuka, ningefunga mlango."

Mama alimsogezea ile sahani.

"Ungeruka, ningewakosa wote wawili. Kula, mwanangu."

Miaka imepita. Najua alikuwa sahihi; mimi na wale waliobaki ndani tuko hai kwa sababu alikanyaga breki. Nampigiaga simu nikitaka kumshukuru. Anapokea, tunaulizana habari za watoto, za mvua, za foleni ya kwenda Kawe. Neno lenyewe halitoki. Naye, nadhani, anajua ninachompigia, maana huwa hakati simu mpaka mimi nikate.