Mfupa wa Mwamvita

Nyuma ya nyumba ya Feza, kule Kabambare, palikuwa na kaburi dogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na mwenye kaburi alilipita kila asubuhi akienda kutwanga mpunga. Alipita akichechemea, mkongojo mkononi, macho mbele. Binti amezikwa na bado anakula ugali. Mambo mengine hata ukisimuliwa mara mia huyazoei.

Huyo binti aliitwa Mwamvita, kwa kuwa alizaliwa wakati wa vita vya Wajerumani, baba yake Zuberi alipochukuliwa kubeba mizigo asirudi. Alipofika umri wa kuposwa, nyonga yake ilivimba, ikatoa usaha, akawa hana usingizi wala hamu ya chakula. Wajomba walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, Kasongo. Daktari wa Kizungu alimpasua, akakuta kichwa cha mfupa wa paja kimeoza kama muhogo uliosahauliwa majini, akakikata chote. Kisha akachonga ncha ya mfupa uliobaki, akaitia katika tundu la nyonga, akamfunga plasta kuanzia kifuani hadi unyayoni.

"Atatembea," alimwambia Feza, mama wa binti, "lakini mguu utakuwa mfupi."

Feza aliomba kitu kimoja tu: kile kipande cha mfupa. Masista walimpa kimefungwa kwa bendeji, naye akamwacha binti hospitalini na shangazi yake, akatangulia kurudi nyumbani.

Feza alikuwa mjanja, na woga humzidishia mtu ujanja. Katika ukoo wa mama yake walisema kifo kikishamwekea mtu mkono hakiondoki hivi hivi. Sharti kipewe fungu lake, tena kwa jina, tena kwa kilio cha kweli. Basi akauvisha mfupa sanda, akauzika, akanyoa nywele, akaketi matangani, akalia hata majirani walioijua siri wakalia naye. Kuanzia hapo jina la Mwamvita halikutajwa tena uani. Mwenye kuitika jina lililozikwa, walisema, anakiita kifo kirudi kumalizia sahani yake. Binti aliporudi kutoka Kasongo aliitwa Safi.

Haki ya Mungu, yule daktari aliijua kazi. Mguu ulipungua upana wa kiganja, na Alimasi seremala, aliyemuoa Safi bila kujali midomo ya watu, alimchongea kiatu chenye soli nene ya mti. Hakuweza kuchuchumaa, alipalilia pamba ameketi kwenye kigoda, akijisogeza. Lakini usaha ulikauka usirudi, akazaa mara mbili, na harusini alicheza ngoma kwa namna yake. Nyonga ililia ko, ko, watoto wakajua mama anakuja. Maumivu yalibaki mahali pamoja tu, na hili hakumwambia mtu: mvua ilipoloweka ardhi hakuumwa nyongani, aliumwa kule nyuma ya nyumba, chini ya udongo.

Miaka karibu ishirini ilipita. Siku moja yule daktari, sasa ana mvi, alifika Kabambare akiwatafuta watu aliowapasua zamani, aone kazi yake imedumu vipi. Karani wake akasimama barazani kwa Feza, akaita kwa sauti:

"Mwamvita binti Zuberi!"

Naye alikuwa pale pale, ameegemea mkongojo. Alitamani apite mbele ya mzee yule, ko, ko, amwonyeshe mguu aliompa. Mama yake akamkazia macho. Hakuitika. Mtu mmoja akanyoosha kidole kuelekea kaburini. Daktari akaenda, akavua kofia, akasimama kidogo ameinama, kisha akapanda gari lake. Safi alimtazama mpaka vumbi likatulia, na moyo ulimuuma kuliko nyonga ilivyowahi kumuuma.

Mwaka uliofuata Feza alishikwa na homa, akili ikaanza kutangatanga. Alianza kuita asubuhi, na adhuhuri alikuwa bado anaita.

"Mwamvita! Mutoto yangu, uko wapi?"

"Miye hapa, mama. Ni Safi."

Mgonjwa akausukuma mkono wake. "Safi sikumuita. Ninaita Mwamvita. Nilimuzika na mikono yangu, na sikumuaga."

Ujanja alikuwa ameusahau. Kilio ndicho kilichobaki. Miaka yote ile Safi alidhani mama alikidanganya kifo. Sasa aliona aliyedanganyika ni mama mwenyewe, naye angekufa akimlilia mtoto aliyeketi kando ya kitanda chake.

Alimasi alisimama mlangoni. "Usiitike, bibi yangu. Watoto wako wangali wanakuhitaji."

Safi aliogopa, tusimpambe. Aliwafikiria watoto. Halafu mama yake akaita tena, na sauti ilikuwa imeshafifia.

"Ndiyo, mama," akasema. "Miye Mwamvita. Niko hapa."

Feza akaacha kuita. Mkono wake ulipapasa, ukashuka ubavuni mwa binti yake, ukafika penye kovu, pale nyama inapobonyea kwa kukosa kitu ndani. Akapagusa polepole.

"Umerudi bila mufupa yako," akasema. "Ni miye nilikunyang'anya. Ngoja. Ninaenda kukuchukulia."

Hakusema tena neno. Walimzika kando ya lile kaburi dogo.

Tangu hapo watu walimwita Mwamvita, kwa sauti ya chini, naye aliitika. Kifo hakikumjia. Ila kila alipotembea peke yake kwenda kinuni, alisikia ko ya nyonga yake, kisha ko nyingine nyuma yake, mbali kidogo. Hakukimbia. Alisimama njiani, akamngoja mama yake.