Kamati Isiyojadili Mtu

Nimekaa kwenye kamati nyingi za chuo hapa Dodoma, nyingine za chai na karanga tu. Lakini kamati ya sera za taaluma siidharau. Ndiyo inayopendekeza kwa Seneti wanafunzi wafundishwe nini, na anayekosa mtihani afanyweje. Ikilala usingizi, kuna mtoto wa mtu atafungasha begi arudi kwao.

Mwaka jana mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Binti kutoka kijiji cha Busi, mwaka wa tatu, alishikwa na uchungu asubuhi ya mtihani wangu, katika chumba alichopanga Kizota. Alijifungua salama hospitalini. Kanuni yetu ilisema ruhusa ya kuahirisha mtihani iombwe kabla haujaanza. Hakuomba, akawekewa sifuri, na kwa sifuri ile alikuwa anafukuzwa chuo.

Nililipeleka jambo lake kikaoni. Mwenyekiti akanikatiza mapema.

"Dokta, utaratibu unaujua. Hapa hatujadili mtu, tunajadili kanuni."

"Sawa, Mwenyekiti, tujadili kanuni. Uchungu wa uzazi unaombewa ruhusa ofisi gani?"

Wajumbe walicheka. Mimi nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nikapendekeza maombi ya dharura ya kiafya yapokelewe hata baada ya mtihani, mradi yaambatane na cheti cha hospitali. Pendekezo likapita bila ubishi, ila mjumbe mmoja, bingwa wa vifungu, akasema, "Ianze mwaka ujao. Kanuni hairudi nyuma."

Vichwa vikaanza kukubali. Nimesinzia sana kwenye vikao vile, lakini nashukuru Mungu sikusinzia vyote. Matokeo ya muhula ule yalikuwa bado hayajapitishwa na Seneti.

"Basi hakuna cha kurudi nyuma," nikasema. "Ile sifuri ni pendekezo tu, na bado liko mikononi mwetu. Tuliondoe leo."

Mwenyekiti alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kimya, akakifunga. "Iandikwe hivyo," akamwambia katibu.

Binti alifanya mtihani Septemba, mtoto akiwa na bibi yake nje ya ukumbi. Mtoto akalia weee. Mama yake aliinua kichwa mara moja, akarudi kwenye karatasi, na mimi msimamizi machozi yakanilenga.

Somo lilikuwa langu, kwa hiyo nilisahihisha mwenyewe. Sikumwongezea hata nusu maksi. Alipata B.